Kasha la Mninga na Rejeta ya Maji: Mwongozo Kamili wa Kujijengea Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Studio yangu iko Isevya, Tabora mjini. Ni chumba kimoja chenye madirisha mawili, na tukianza kurekodi yote mawili lazima yafungwe. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashuka, joto la chumba hicho linapita nyuzi 30 na feni za kompyuta zinavuma kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Maikrofoni haichagui cha kuokota. Mwanakwaya anatoa sauti safi, ukija kuisikiliza usiku unakuta mvumo umelala chini yake mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo lililonifanya nitafute namna nyingine ya kupoza kompyuta. Sasa nina kasha la mninga lililojengwa hapa hapa Tabora, ndani yake maji yanazunguka, na ninaweza kurekodi nikiwa nimekaa hatua mbili tu kutoka ilipo.

Nitaeleza jinsi ya kulijenga tangu ubao hadi tone la mwisho la maji. Kama kompyuta yako ni ya kuandika barua na kuchapa mitihani, usihangaike. Feni nzuri na kufuta vumbi vinatosha. Kazi hii inamfaa mtu ambaye prosesa yake, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, inafanya kazi nzito kwa saa nyingi: kuhariri video za harusi, kuchanganya muziki, kuchora ramani za majengo.

Maji ni mpagazi tu

Wengi wanaoniuliza wanadhani maji yanaleta ubaridi. Hapana. Maji ni mpagazi: yanabeba joto kutoka kwenye prosesa, yanalitua kwenye rejeta, yanarudi kuchukua mzigo mwingine. Anayelitoa joto nje ni hewa ya chumba inayopita kwenye mapezi ya rejeta. Kwa hiyo chumba kikiwa nyuzi 31, maji hayatashuka chini ya nyuzi 31 hata ufanyeje. Anayetaka maji yawe baridi kuliko chumba anatafuta friji, na hiyo ni habari nyingine.

Uzuri wa mpagazi huyu ni kwamba ana mgongo mpana. Lita moja ya maji inahitaji takriban kilojuli 4.18 ili ipande nyuzi moja. Chukua prosesa inayotoa wati 140, na pampu inayosukuma lita moja tu kwa dakika. Maji yakitoka kwenye prosesa yatakuwa yamepanda nyuzi 2, basi. Ndiyo maana hakuna haja ya kuumiza kichwa kuhusu kipi kitangulie kati ya rejeta na prosesa. Maji ya mzunguko mzima yana joto linalokaribiana. Mpangilio mmoja tu ni wa lazima: kitangi cha maji kikae kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isinywe hewa.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo ya mbali haitakwambia. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 12, na kinachobeba joto ni uzito wa hewa inayopita, si kelele ya feni. Feni ileile kwa mwendo uleule inatoa joto pungufu huku kwetu. Ukiongeza na joto la mwezi wa kumi, jibu ni moja: chukua rejeta kubwa zaidi ya ile unayoshauriwa. Penye ushauri wa rejeta ya feni moja, weka ya feni mbili. Na rejeta ikiwa kubwa, feni zinaenda taratibu, kelele inakufa. Nusu ya ukimya wa studio yangu umetoka hapo.

Vifaa vya mzunguko

Sehemu hizi utaagiza, nyingi Dar es Salaam au nje ya nchi, zije kwa basi au kwa treni. Unahitaji bloku ya prosesa (kipande kinachokaa juu ya prosesa, maji yakipita ndani yake) yenye kitako cha shaba, pampu, kitangi, rejeta ya feni mbili za milimita 120, fitingi (viungio vya mipira) zenye uzi wa G1/4, mipira, na maji yaliyosafishwa hadi kuondolewa madini (distilled) pamoja na dawa yake. Bloku lazima iendane na soketi ya prosesa yako (pale inapochomekwa), iwe AM4, AM5 au LGA1700. Vishikizo vyake vinatofautiana, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Pampu inayotumika sana ni ya aina ya D5, ya volti 12. Ni tulivu na ina nguvu ya kutosha na kubaki.

Fitingi na mipira vinakwenda kwa vipimo viwili, cha ndani na cha nje. Mimi natumia mpira wa 10/16, yaani milimita 10 ndani na 16 nje. Ukuta wake ni mnene, hivyo unapinda bila kujikunja na kufunga njia. Fitingi za 10/13 hazitashika mpira wa 10/16. Hakikisha namba zote mbili zinafanana. Kuna watu watakushauri utumie ule mpira mweupe wa leveli wanaotumia mafundi ujenzi. Nunua mita moja, lakini kwa ajili ya kumwagia maji tu. Ndani ya mzunguko unalainika kwa joto, unajikunja, na baada ya miezi unapata ukungu mweupe.

Sasa kuhusu metali, na hapa nakuomba usome polepole. Rejeta ya kwanza niliyotumia ilikuwa ya pikipiki kubwa, niliipata kwa fundi gereji, nzima, safi, bei ya kutupa. Ilikuwa ya aluminiamu. Bloku yangu ilikuwa ya shaba. Metali hizi mbili zikikaa kwenye maji mamoja zinakuwa kama betri: aluminiamu ndiyo inayoliwa. Mwezi wa tatu joto la prosesa lilianza kupanda bila sababu. Nilipofungua bloku nilikuta mifereji yake myembamba, ile inayolingana na unene wa karatasi chache, imejaa uji mweupe mzito kama ute wa yai lililochemka nusu. Niliusafisha kwa mswaki na siki, nikafunga tena. Wiki mbili baadaye rejeta ikatoboka kwenye kona, tone moja kwa kila dakika kadhaa, usiku, juu ya pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme wa kompyuta). Nilipoteza pawasaplai hiyo na kazi ya harusi ya watu.

Kanuni basi: shaba na brasi na nikeli vinakaa pamoja, aluminiamu isiingie kabisa. Rejeta za kompyuta zinazouzwa kwa mizunguko ya kujijengea nyingi ni za shaba na brasi. Kama unataka ya gari, tafuta rejeta ndogo ya hita ya magari ya zamani, ile ya shaba. Kwangua sehemu isiyoonekana kwa kisu: ukiona wekundu au unjano chini ya rangi ni sawa, ukiona weupe wa fedha, rudisha. Uiambie gereji iioshe na kuijaribu kwa upepo kabla ya kuichukua, na ujue kwamba midomo yake ni mipana kuliko mipira yetu, hivyo fundi atalazimika kuilehemu midomo midogo ya brasi.

Rejeta kwanza, mbao baadaye

Kosa la wengi ni kujenga sanduku zuri halafu kutafuta pa kuchomeka vitu. Anza kwa kuweka vifaa vyote juu ya meza, au juu ya boksi lililokunjuliwa, uvichore kwa kalamu kwa ukubwa wake halisi. Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya ukubwa wa ATX ni milimita 305 kwa 244. Ndogo yake, micro-ATX, ni 244 kwa 244. Pawasaplai ya kawaida ina upana wa 150 na kimo cha 86, na urefu unaoanzia 140. Rejeta ya feni mbili ina urefu wa kama 275, upana wa 120 na unene wa 30, na feni zinaongeza 25. Kumbuka nafasi ya fitingi na mkunjo wa mpira. Mpira wa 10/16 haupendi kona kali, mpe angalau milimita 60 mbele ya kila fitingi.

Kasha langu ni la micro-ATX. Vipimo vyake vya ndani ni kimo 420, kina 400, upana 210. Chini kuna chumba cha pawasaplai cha milimita 110, juu yake mazabodi, na milimita 60 za juu kabisa nimeziachia mipira. Rejeta imesimama mbele, midomo yake ikiangalia juu, feni mbili zikivuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye mapezi. Nyuma kuna feni moja inayotoa. Kitangi kimefungwa karibu na rejeta, na kifuniko chake kiko juu kuliko midomo ya rejeta. Hilo la mwisho si urembo: hewa yote iliyomo kwenye mzunguko inapanda hadi sehemu ya juu kabisa, na unataka sehemu hiyo iwe kitangi, si bloku wala pampu.

Mazabodi usiifunge kwenye mbao moja kwa moja. Tafuta kesi (kasha la chuma la kompyuta) ya zamani iliyokufa, kila fundi kompyuta ana mbili tatu zimelala nyuma ya duka, ukate ile bati yake ya kushikia mazabodi pamoja na ukuta wa nyuma wenye matundu ya nyaya na kadi. Kwa kufanya hivyo unakuwa umeokoa siku nzima ya kupima. Tundu la bati la nyuma la mazabodi ni takriban 159 kwa 44.5, na nafasi kati ya kadi moja na nyingine ni milimita 20.32, ukikosea hata milimita moja, kadi ya picha, ile inayotuma picha kwenye skrini, haitakaa. Kiwanda kimekwisha kukupimia, tumia kazi yao.

Bati hiyo ina faida nyingine ya usalama. Kesi za chuma zimeungana na ethi (waya wa ardhini) kupitia pawasaplai. Kasha la mbao halina. Kwa hiyo unganisha bati ya mazabodi na mwili wa pawasaplai kwa waya mmoja wa kijani na njano wa milimita 1.5 za mraba, wenye macho ya kufungia kwa skrubu, na ukwangue rangi mahali utakapoufunga. Soketi ya ukutani nayo iwe na ethi inayofanya kazi kweli. Mwite fundi umeme aipime. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zina tundu la tatu la soketi lisilounganishwa na kitu.

Kuchagua na kukata mninga

Huku kwetu mninga ndio ubao wa heshima, na kwa kazi hii una sifa inayozidi rangi yake: ukishakauka, hauchezi sana. Mbao nyingi zinavimba masika na kusinyaa kiangazi. Kasha likijipinda linavuta fitingi, na fitingi ikivutwa inavuja. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali na risiti. Mninga umekatwa mno kwenye misitu yetu ya miombo, na kwa kasha moja huhitaji gogo. Vipande vinavyobaki kwenye karakana za vitanda na makabati vinatosha kabisa.

Ubao uwe umekaa kivulini miezi kadhaa. Ukiubisha kwa kifundo cha kidole, ubao mkavu unalia kwa sauti kali, mbichi unajibu kwa uzito. Njia ya uhakika zaidi ni kupima kipande kwenye mizani ya duka, kukiacha ndani wiki mbili, kukipima tena. Uzito ukishuka, bado kinatoa maji.

Mimi nilimpelekea kazi mzee mmoja anayetengeneza mizinga ya nyuki ya masanduku. Watu waliniambia niende kwa fundi fanicha, lakini mtu wa mizinga ameshazoea sanduku lisilopitisha mwanga kwenye pembe, na anajua kuunganisha mbao kwa meno bila msumari hata mmoja. Aligeuza mchoro wangu mara mbili.

"Kijana, mlango wa mzinga huu uko wapi?"

"Mzee wangu, huu unataka milango miwili. Mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka."

"Basi ziba kwingine kote. Upepo ukipata ufa hautafika unakotaka."

Sikuwa nimelifikiria hivyo, na alikuwa sahihi. Hewa inapita penye wepesi. Ukiacha mwanya kati ya rejeta na mbao, feni zitavuta kupitia mwanya huo na mapezi yatabaki na joto lake. Sasa nazungushia rejeta ukanda wa sponji kila upande, ile ya kuzibia milango, na tofauti ilionekana siku hiyohiyo: maji yalishuka nyuzi 2.

Mbao ziwe na unene wa milimita 20 baada ya kupigwa randa. Kata sakafu, paa na ubavu mmoja. Ubavu wa pili uwe wa kioo au plastiki ngumu ili uone maji. Mbele na nyuma ni fremu tu, kwa sababu karibu eneo lote ni tundu. Pembe ziungwe kwa meno na gundi ya mbao, zibanwe usiku kucha, na upime pembe mkabala kwa futi kabla gundi haijashika; vipimo viwili vikilingana, sanduku limekaa mraba. Ubavu wa mbao usiugundishe. Ufunge kwa skrubu zenye tundu refu kidogo, ubao upate pa kutanuka masika.

Vaa barakoa unapopiga msasa. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na kuna watu linawaletea pumu. Anza na msasa namba 80, kisha 120, malizia 240.

Ndani paka vanishi mikono miwili, ili tone likianguka lisinyonywe. Nje mimi sipaki vanishi. Tabora tuna nta ya nyuki, na mninga na nta vinapendana. Yeyusha sehemu moja ya nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto; nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji hata kuchemka. Zima moto kabisa, toka nao nje, ndipo uchanganye na sehemu nne za tapentaini, kwa sababu tapentaini inashika moto upesi. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya kupaka. Sugua kwa kitambaa kufuata mishipa ya ubao, acha saa moja, ng'arisha. Wekundu wa mninga unatokea kana kwamba ulikuwa umejificha.

Kufunga vifaa

Rejeta ishikwe na vipande vya engo vya chuma vilivyofungwa kwenye mbao. Skrubu zake ni za M3, na umbali wa kati ya matundu ya feni ni milimita 105. Sasa angalia urefu. Feni ina unene wa 25, engo kama 1.5, skrubu ya milimita 30 inabaki na kama milimita 3.5 za kuingia kwenye rejeta. Hiyo inatosha. Ukiweka ya 35, ncha yake inaweza kutoboa mrija wa maji ulio nyuma ya tundu, na rejeta inakuwa imekufa kabla haijafanya kazi. Pima kila skrubu kwa kuishikiza pembeni kabla hujaikaza.

Pampu ikae juu ya sponji au mpira wa tairi la baiskeli. Ikigusa mbao moja kwa moja, kasha zima linakuwa kama ngoma, na mninga unaitika vizuri sana. Ndiyo ubao unaotengenezewa ala za muziki.

Mbele ya feni weka wavu. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, linajaza mapezi ndani ya wiki chache. Mimi natumia wavu wa madirishani wa plastiki uliobanwa kwenye fremu ya sumaku, unaotoka kwa mkono mmoja.

Bloku (ifunge baada ya kipimo cha hewa nitakachoeleza mbele, mazabodi ikishaingia): safisha uso wa prosesa, weka pesti ya joto kiasi cha mbaazi moja ndogo katikati, kisha kaza skrubu kwa kuvuka pembe, zamu kwa zamu, mizunguko miwili kila moja. Ukimaliza upande mmoja kwanza, bloku inalala upande.

Mipira

Kabla ya kuunganisha chochote, osha rejeta. Mpya nazo zina masalia ya kulehemu. Jaza maji ya moto yaliyosafishwa nusu, tikisa dakika tano, mwaga kwenye beseni jeupe, rudia hadi usione chembe. Mimi nilirudia mara saba.

Kata mipira kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, kwa sababu mkato wa mshazari hauketi vizuri kwenye fitingi. Tumbukiza ncha kwenye maji ya moto nusu dakika, itaingia bila kupigana nayo. Fitingi yenyewe kaza kwa mkono mpaka oringi (pete yake ya mpira) ibanwe, usitumie spana. Oringi iliyobanwa kupita kiasi inakatika, na uzi wa kitangi cha plastiki unapasuka. Mfuatano wangu: kitangi, pampu, bloku, rejeta, kurudi kitangini. Sehemu ya chini kabisa ya mzunguko weka fitingi ya njia tatu yenye kizibo. Utaishukuru siku ya kubadilisha maji.

Upimaji wa uvujaji, bila haraka

Hapa ndipo kompyuta inapookoka au kufa. Mimi napima mara mbili, kwa hewa kisha kwa maji.

Kwa hewa natumia kipimo cha zamani cha presha ya damu, kile cha kubinya kwa mkono chenye saa ya mshale. Ondoa kitambaa cha mkononi, unganisha mpira wake kwenye kitangi kwa fitingi ndogo, funga sehemu nyingine zote. Binya hadi 200, fungia. Hiyo ni kama robo ya bari, haiwezi kuharibu kitu. Subiri nusu saa. Mshale ukibaki palepale, mzunguko umeshika. Ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye kila fitingi kwa brashi ndogo na utafute povu. Uzuri wa njia hii ni kwamba kosa linatoa hewa, haliloweshi kitu. Fanya kabla mazabodi haijaingia, usubiri sabuni ikauke.

Kwa maji, chomoa nyaya zote zinazokwenda kwenye mazabodi na kadi ya picha. Zote: ule mkubwa wa matundu 24, wa prosesa, wa kadi. Ubaki waya wa pampu peke yake. Pawasaplai ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwenye ile plagi kubwa. Pawasaplai itawaka bila mazabodi. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, tafuta tundu namba 16 kwenye mchoro wa pawasaplai yako.

Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi. Jaza kitangi, washa sekunde tatu, zima. Maji yatashuka ghafla. Jaza tena, washa, zima. Kamwe usiiache pampu ikizunguka kavu, maji ndiyo yanayolainisha mhimili wake. Mzunguko kama wangu unakunywa kama lita moja kasoro kidogo. Ukijaa, acha pampu iendeshe, ulaze kasha mbele, nyuma, kushoto, kulia, taratibu kama unavyombembeleza mtoto, mapovu yatoke kwenye rejeta. Mwanzoni utasikia kokoto zinagongana ndani ya pampu, ni hewa. Sauti ikitulia, hewa imekwisha.

Kisha acha saa 24. Usiku wa kiangazi Tabora unashuka baridi kweli, mchana unapanda, na vitu vinasinyaa na kutanuka. Uvujaji mwingine unajitokeza alfajiri tu. Pitisha tishu kavu kila kiungo asubuhi, uiangalie kwenye mwanga wa dirisha. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Maji yapi

Maji ya bomba hapana, yawe ya bwawa la Igombe au ya Ziwa Victoria. Yana madini yatakayoganda kwenye mifereji ya bloku. Tumia maji yaliyosafishwa. Yale ya kuongezea betri yanafaa kama chupa imeandikwa hivyo waziwazi, lakini kuwa macho: kwenye rafu hiyohiyo kuna chupa za asidi ya betri, na chupa zinafanana. Soma maandishi mara mbili.

Maji matupu hayatoshi, kwa kuwa kwenye joto na mwanga mwani unaota na metali zinachakaa. Kama umepata maji maalumu ya kompyuta, yaliyokwisha kuchanganywa, ni bora zaidi. Kama huna, changanya sehemu moja ya kulanti ya gari yenye ethilini glaikoli na sehemu tisa za maji yaliyosafishwa, ndiyo ninayotumia. Glaikoli hii ni sumu na ina utamu, mtoto au paka anaweza kuinywa kwa hiari. Iandike, ifungie juu.

Kuwasha

Rudisha nyaya. Umeme wa pampu ya D5 uchukue kwenye pawasaplai moja kwa moja: ikienda kasi kabisa inaweza kula wati zaidi ya 20, wakati plagi nyingi za feni kwenye mazabodi zinabeba ampia moja, yaani wati 12. Ule waya wake mwembamba wa kuhesabu mzunguko ndio uende kwenye plagi ya feni ya prosesa. Bila huo, mazabodi nyingi zitalalamika kwamba hakuna feni na kukataa kuendelea. Ukiwekwa hapo unakuwa mlinzi wako, maana pampu ikisimama kompyuta inajua.

Ingia kwenye mipangilio ya mwanzo (BIOS), weka feni za rejeta kwenye mzunguko wa kama 900 kwa dakika, na kikomo cha joto cha kuzima kompyuta ukiache kama kilivyo. Kisha ipe kazi nzito ya saa nzima. Maji yanachukua dakika 20 hadi 30 kufikia joto lake la kweli, hivyo kipimo cha dakika tano kitakudanganya. Kwangu, chumba kikiwa nyuzi 31, maji yanakaa kwenye 39 na prosesa kwenye 72. Tofauti ya maji na chumba ndiyo ya kutazama: ikiwa chini ya nyuzi 10, rejeta inatosha. Ikiwa maji ni ya vuguvugu lakini prosesa inapita 90, tatizo liko kwenye pesti au bloku imelala.

Kadi ya picha nimeiachia feni zake. Kuitia kwenye mzunguko kunahitaji bloku iliyotengenezwa kwa kadi hiyohiyo na rejeta ya feni tatu, na ukitaka hivyo ongeza kimo cha kasha milimita 120 tangu kwenye mchoro.

Matunzo

Kiangazi toa wavu kila wiki mbili, uuoshe. Kila miezi mitatu puliza mapezi ya rejeta kwa pampu ya baiskeli ukitokea ndani kwenda nje, huku umezuia feni kwa kidole zisizunguke. Kwa wiki mbili za mwanzo usawa wa kitangi utashuka kidogo, ni hewa ya mwisho inatoka, ongeza. Ukiendelea kushuka baada ya hapo, kuna mahali panavuja, zima na utafute.

Mara moja kwa mwaka mimi namwaga yote. Nachagua mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na ubao umetulia. Nafungua kizibo cha chini, nauchomeka ule mpira wa leveli, nafungua kifuniko cha kitangi ili hewa iingie, nalaza kasha kidogo. Maji yanashuka kwenye chupa nyeupe, naiinua dirishani. Yakiwa mazuri kama yalivyoingia, naosha mara moja na kujaza mapya. Yakiwa na kijani cha shaba au chembe zinazoelea, nafungua bloku.

Yaliyotoka simwagi mtaroni. Nayaweka kwenye dumu lenye alama na kuyapeleka gereji, yakae pamoja na kulanti zao chakavu.